Mikato ya Jukwaa la Pili

9 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta kwenye kile kiti chako cha dirishani, miguu juu ya stuli, kalamu nyekundu nyuma ya sikio. Sisi huku ni wazima, na mimi nimezidi. Nimenenepa mashavu mpaka mkuu wa stesheni ameniuliza kama ndoa siku hizi inauzwa kwa kilo.

Shangazi, nina raha. Sijui nianzie wapi. Tumepata vyumba viwili juu ya duka la fundi viatu, na jiko letu ni dogo kiasi kwamba nikifungua kabati mume wangu inabidi atoke nje. Anatoka akicheka, anarudi akicheka. Asubuhi anachemsha chai, anaipoza kwa kuimimina kutoka kikombe hiki hadi kile, kisha ananiamsha kwa kunisomea ratiba ya treni kwa sauti nyororo, kama ananiimbia. Hakuna mwanamke mwingine duniani aliyetokwa na machozi kwa kusikia treni ya mizigo imechelewa.

Najua hujamwona, kwa hiyo nakuelezea. Stesheni nzima inamwita Ngazi, kwa sababu muda wote yuko juu ya ngazi akitengeneza spika. Siku nilipoanza kazi ya kutangaza alikuwa ameweka sikio kwenye spika ya jukwaa la pili akiikagua, ndipo sauti yangu ikamwingia yote kwa mara moja. Anasema nusura aanguke. Alishuka akaja kwenye chumba cha matangazo kuona ni nani, na mpaka leo hajaondoka.

Siku ya harusi tulikuachia kiti cha mbele. Mama mkwe aliweka mkoba wake pale, nikautoa. Akauweka tena, nikautoa tena. Najua ulisema goti linakusumbua, nami nimeamini. Lakini, Shangazi, wewe ndiye uliyenilea tangu sijui kufunga kamba za viatu. Njoo basi utuone. Njoo umwone. Hilo ndilo ninalolitaka mwaka huu, na mengine yote nimeshapewa.

Sasa shida yangu. Bado niko kwenye majaribio ya kazi mpaka katikati ya mwaka, na mkuu ameamua kwamba matangazo ya Kiingereza niyaandike mwenyewe. Anasema mikato yangu naitupa kama anayenyunyiza chumvi, na kwa kuwa kila penye mkato nanyamaza, abiria wanadhani maiki imekufa. Nimekuwekea matangazo machache humu ndani. Yasahihishe kama zamani. Ningekupigia simu, lakini umesema simu ni upuuzi, niandike.

Mimi Chiriku wako, sasa mke wa mtu.

23 Februari

Chiriku,

Marahaba. Mimi sijambo. Paka amezaa ndani ya kabati la vitabu, nyuma ya kamusi, na hataki kuhama. Mshonaji wa jirani anakusalimu. Mvua imekata.

Nimepitia kazi yako. Umeandika “When the train stops open the door slowly.” Treni ikisimama, fungua mlango polepole. Hicho kishazi cha kwanza ni tegemezi, hakiwezi kusimama peke yake, na umekitanguliza. Kwa hiyo unamshika msomaji mkono na kumwambia asubiri, jambo lenyewe linakuja. Mkato ndio mahali unapomwachia mkono. Uweke baada ya “stops”. Wewe hukuweka kitu, umemburuta maskini mpaka mlangoni.

Halafu ukaandika “Do not cross the line, until the train has left.” Usivuke reli mpaka treni iondoke. Hapa kishazi huru kimeshatangulia, jambo limeshasemwa, na hicho tegemezi kinafuata nyuma kama mtoto na mama yake. Kwa nini unawatenganisha? Futa mkato.

Kikitangulia, weka. Kikifuata, acha. Liandike ukutani.

Ile mashine ya kusagia niliyowatumia usiijaze kupita nusu.

Shangazi.

7 Machi

Shangazi yangu wa pekee,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya akiba. Tumefurahi kusikia habari za paka. Huku fundi viatu wa chini ametuwekea raba kwenye miguu ya meza bure, nadhani amechoka kusikia tunavyoisogeza.

Nimeliandika ukutani kama ulivyosema. Ngazi alipoona “kikitangulia, weka, kikifuata, acha” juu ya jiko, akadhani ni maagizo ya kupika. Nikamweleza yote, mkono, mlango, mama na mtoto, naye akasikiliza ameacha kutafuna. Mume gani mwingine anasikiliza habari za vishazi akaacha kutafuna? Kisha nikamwambia, mpenzi, wewe ni kishazi huru na mimi ni tegemezi, siwezi kusimama bila wewe. Akanibusu hapa kwenye kidevu.

Matangazo yako nimeyasoma stesheni. Nikasema “When the train stops”, nikaacha nafasi kidogo, nikamalizia, na jukwaa zima likatulia kwenye hiyo nafasi. Mkuu akatoa kichwa dirishani. Hakusema neno, na kwake hiyo ni sifa.

Ila, Shangazi, nimeisoma barua yako kila siku nikitafuta kitu. Umemtaja paka, umemtaja mshonaji, umeitaja mvua. Mume wangu hukumtaja. Najua ni kusahau tu. Yeye anataka kukuamkia kwa simu, amefanya mazoezi mpaka mbele ya kioo. Tukikupigia, pokea.

Chiriku, mwenye furaha hata hivyo.

2 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, nilikuwa na mambo. Paka watatu wamechukuliwa, mmoja amekataliwa na kila mtu kwa sababu ya sura yake, nimebaki naye.

Wewe si kishazi tegemezi. Nimekusomesha kwa chaki na kwa viboko vya maneno ili usimame peke yako. Usiniandikie tena ujinga huo.

Pembeni mwa matangazo umeuliza kuhusu “although”, yaani “ingawa”. Huyo ni mkaidi. Hata akifuata nyuma anabeba mkato wake, kwa sababu anakuja kupinga lililosemwa. Wengine wakifuata hawapingi, wanaongezea tu. Mtazame kila mmoja anakuja kufanya nini kabla hujamwekea alama.

Simu yangu ina hitilafu. Na kuhusu kuja, goti bado. Huyo fundi wako mwambie nimepata salamu.

Shangazi.

16 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Huku ni wazima. Leo sina habari za meza wala za fundi viatu.

Jumapili tulikupigia. Nataka ujue kwamba Ngazi alivaa shati la harusi ili azungumze na wewe kwenye simu. Nilimcheka, akasema heshima huwa inasikika. Ukapokea, moyo wangu ukaruka. Akasema “Shikamoo Shangazi, mimi ni”, na hapo hapo ukaanza. Ukaongea kuhusu “although”. Ukaongea kuhusu mtoto wa paka mwenye sura mbaya, ukaenda kwenye mvua, ukarudi kwenye “although”. Alijaribu kuingia mara kadhaa, akawa kama mtu anayetaka kuvuka reli na treni haiishi. Kisha ukasema haya, kwaheri, salamu kwa wote, ukakata.

Alivua lile shati akalitundika. Akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Nimekuwa nikijitia ujinga, lakini sasa nauliza. Hukuja harusini. Jina lake halikutoki mdomoni, ni “huyo fundi”. Najua ulitaka niende chuo, niwe mwalimu kama wewe, na badala yake nimekwenda kukaa kwenye kichumba cha vioo nikitangaza treni, nikaolewa na mtu wa waya. Kama humtaki mume wangu, niambie kwa maneno. Nitalia, nitaosha uso, na nitaendelea kukupenda. Ila niambie.

Chiriku.

6 Mei

Chiriku,

Marahaba. Mimi sijambo.

Matangazo uliyoleta mara ya mwisho nayarudisha. Yako sawa. Moja tu, “If you have lost a child”, mkato baada ya “child”, usisahau, mzazi aliyepotelewa na mtoto anahitaji kujua sentensi haijaisha.

Swali lako si la kuulizwa. Kula vizuri.

Shangazi.

19 Mei

Shangazi wangu, nyota yangu,

Shikamoo. Sisi ni wazima na nakuomba uketi kabla hujaendelea.

Barua yako ilinifikia kazini. Nikaisomea pale pale, nikalia mbele ya maiki, na bahati nzuri ilikuwa imezimwa. Jioni nikampa Ngazi aisome. Alikuwa amekaa sakafuni na koleo na kipande cha waya, akaisoma, akairudisha, akaendelea kuchuna waya kwa muda mrefu. Mimi nikawa nazunguka chumba nikisema hakupendi, hakupendi, basi.

Akasema, “Yule Shangazi hakunikatiza.”

Nikamwambia alimkatiza tangu shikamoo.

“Hapana. Mtu anayekatiza amesikia kuna kitu cha kukatiza. Yeye alikuwa anajaza nafasi ili nisiulize kitu akashindwa kukijibu.” Akaweka koleo chini. “Hasikii, mpenzi wangu. Nafanya kazi na sauti kila siku, najua mtu anayeongea na spika iliyokufa.”

Shangazi, nilikaa kitandani. Yote yakaja kwa pamoja. Likizo yangu ya mwisho nilikuita kutoka jikoni hukujibu, nikadhani umenuna. Mshonaji siku hizi hapigi hodi, anakuja kupunga mkono dirishani. Uliacha kufundisha mapema, ukasema umechoka na kelele za watoto. Wewe, uliyekuwa ukisikia mwanafunzi akinong’ona nyuma ya darasa wakati unaandika ubaoni na mgongo umempa. Na mimi nikakaa hapa nikihesabu makosa ya mume wangu ili nijue ni lipi umelichukia.

Kama nimekosea, nikaripie kwa wino mwekundu. Kama sijakosea, basi sikiliza, yaani soma. Jumamosi ya tatu ya mwezi ujao niko zamu mchana. Treni yako inaingia jukwaa la pili. Ngazi ana mpango wake na ameniomba nimwachie nafasi hapa chini aueleze mwenyewe. Sijamsahihisha, nimeona ni kama kumchana mtu nywele bila ruhusa.

Chiriku wako.

Shikamoo Shangazi mimi ni yule wa kwenye simu samahani kwa kukusumbua nataka kusema spika ya jukwaa la pili nimeishusha nyuma ya benchi la mwisho ile sauti nzito nimeipunguza sana kwa sababu ndiyo inayovuruga na ile nyembamba nimeiongeza kwa sababu ndiyo wengi wanaoipoteza kwanza ukikaa pale utamsikia mkeo samahani mke wangu vizuri kuliko mahali popote mimi mwenyewe huwa nakaa pale wakati wa chakula asante

5 Juni

Chiriku,

Marahaba. Marahaba na kwake.

Nimeisoma barua yako, nikaiweka, nikaenda kumwogesha paka. Nikarudi nikaisoma tena.

Ilianza darasani. Walioketi mbele niliwapata, wa nyuma wakawa wanatembeza midomo tu. Nikawaambia waandike kila kitu. Wakadhani ni ukali. Mimi nikawaacha wadhani hivyo, ukali una heshima yake. Mtu akijua husikii, anakupigia kelele usoni kama vile umekuwa mjinga. Nimefundisha watu maisha yangu yote, sitaki kufokewa na muuza maziwa.

Harusini ningekaa kwenye kiti cha mbele kama gunia. Watu wangecheka, nami ningecheka nyuma yao bila kujua kinachochekwa. Ungesema “ndiyo” yako, na mimi niliyesikia neno lako la kwanza nisingeisikia. Niliamua heri nisiwepo kuliko niwepo namna hiyo. Goti langu ni zima. Ninapanda ngazi za maktaba kila wiki.

Sikumkataa mumeo. Sikutaka tu anipende kwa huruma kabla hajanijua vizuri.

Sentensi yake haina mkato hata mmoja wala nukta. Nimeisoma yote na nimeielewa yote. Sijui amefanyaje.

Jumamosi siji, kwa sababu nimesema siji.

Shangazi.

Ukipata nafasi niambie hilo benchi la mwisho lina kivuli wakati gani.

10 Juni

Shangazi,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Kivuli kinafika pale mchana, kabla treni yako haijaingia. Ngazi amelifuta benchi, amelipaka rangi, na sasa anawafukuza abiria wasilikalie kabla halijakauka.

Mimi nitakuwa kwenye kichumba cha vioo na sitaweza kutoka mpaka treni iondoke, ni sheria. Yeye atakupokea. Utamjua kwa urahisi, siku hiyo atakuwa chini, si juu ya ngazi.

Nakubusu mikono yote miwili.

Chiriku.

27 Juni

Chiriku wangu,

Nimefika salama. Paka mwenye sura mbaya alinipokea kwa kunigeuzia mgongo. Mshonaji alikuja kupunga mkono dirishani, nikamfungulia nikamkaribisha ndani, akashangaa hata akasahau alichofuata.

Nakuandikia yale ambayo wewe, ndani ya vioo vyako, hukuyaona.

Nilishuka nikamkuta amesimama, amevaa lile shati. Sikuhitaji kuambiwa ni lipi. Hakunipigia kelele. Alisogea mbele yangu kwenye mwanga, akahakikisha naona midomo yake, akafungua kinywa, akakifunga. Nikaona mazoezi yote ya kwenye kioo yamemtoroka. Basi akachukua begi langu, akaniketisha kwenye benchi, akanionyesha spika kwa kidole, naye akakaa pembeni, mikono magotini kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Ndipo ukaja. “When my aunt arrives, please make way.”

Shangazi yangu akifika, tafadhali mpisheni. Nilikusikia, Chiriku. Si midomo, si kelele. Nilisikia “arrives”, nikasikia ukinyamaza, na kwenye kule kunyamaza kwako nikasikia umevuta pumzi kama ulivyokuwa ukivuta ukiwa mdogo kabla ya kusoma kwa sauti. Kisha ukaendelea. Mzee mmoja akainua sanduku lake akapisha, wakati mimi nimeshakaa kitambo. Mwingine akamfuata. Jukwaa lote likawa linampisha mtu asiyeonekana, na mumeo akaanza kucheka, nami nikacheka wakati mmoja naye, nikijua kabisa ninachokicheka.

Mkuu wa stesheni akaja. Akaniambia lile tangazo halikuidhinishwa. Nikamwambia limeidhinishwa na mimi. Akanitazama, akauliza kama ni mimi ninayefuta mikato yako. Nikasema ninafuta michache, iliyobaki umeijua mwenyewe. Akasema kwa mdomo mpana ili nimwelewe kwamba majaribio yako amekwisha kuyafunga, kazi ni yako, ila usitangaze tena watu wa ukoo. Sijui kama amekuambia. Ana sura ya mtu anayechelewesha habari njema.

Sahihisho moja. Baada ya “arrives” ulinyamaza mara mbili. Mkato ni mmoja tu, ungemwachia mkono msikilizaji mapema zaidi. Kwa siku ile nimekuachia.

Wiki ijayo mkwe wangu atanipeleka hospitali kupimwa masikio. Alikwisha kuuliza wapi na kwa nani, akaniandikia maelezo, nayo hayana nukta. Nitayasahihisha tukiwa njiani, hatakuwa na pa kukimbilia.

Vile vifaa vya masikio vikipatikana, nipigieni simu. Wewe usiongee kwanza. Mpe yeye. Mwambie aanzie pale pale alipoishia siku ile, kwenye “mimi ni”, nami nitanyamaza mpaka amalize.

Shangazi yenu.